Daftari la ndizi: mradi ulipofikia Julai

Mradi huu ni daftari la mapishi ya ndizi ya upande wetu wa Kilimanjaro, ninaloliandika kwa ajili ya binti yangu anayesoma Dodoma na kwa yeyote wa ukoo atakayelihitaji baadaye. Naishi Rau, hapa Moshi. Kazi yangu ni ushonaji, kwa hiyo daftari linapata jioni na Jumamosi. Humu humu naandika pia vitabu nilivyosoma miezi hii, muziki uliokuwa ukisikika nikiwa kwenye cherehani, na vyakula vilivyonifurahisha, maana vyote mwishowe vimeingia kwenye daftari.

Februari

Chanzo cha yote ni simu ya binti. Alikuwa na wenzake chumbani, wamechanga hela ya nyama, akataka kuwapikia mtori wa kwao, supu yetu nzito ya nyama na ndizi za kuponda. Akanipigia usiku: "Mama, nimechemsha saa nzima, ndizi hazipondeki. Zinabaki mabonge mabonge." Nikamwomba picha. Alikuwa amenunua mzuzu, zile ndefu nene tunazokaanga au kuchoma. Mzuzu ni ndizi nzuri sana kwa kazi yake, lakini hata uichemshe vipi haikubali kulainika ikawa mtori. Maelekezo aliyokuwa nayo yalikuwa sawa kuanzia mifupa hadi chumvi. Neno mshare, jina la ndizi ya mtori, halikuwamo kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayelitamka. Mtori ni wa mshare. Kama mshare hakuna, siku hiyo unapika kitu kingine.

Hapo nikaona daftari linapaswa kuanzia wapi. Vitabu vya mapishi nilivyowahi kushika vinaandika "ndizi mbichi 10" kisha vinaendelea na vitunguu, na kwa mtu wa Moshi maneno hayo hayasemi kitu. Ndizi 10 za mshare na ndizi 10 za mzuzu hazilingani kwa uzito, kwa utomvu, wala kwa muda wa kukaa motoni. Kanuni ya daftari ikawa hii: ukurasa wa kila chakula unaanza na aina ya ndizi, unafuata ukomavu wake, halafu mkungu umekatwa lini. Nyama, maji na chumvi vinakuja baada ya hapo.

Nimeanza kwa kupanga aina ninazozijua kufuatana na kazi zake. Mshare kwa mtori na kwa ndizi nyama. Mzuzu na mkono wa tembo kwa kukaanga na kuchoma. Kisukari na kimalindi za kula zikiiva. Mtwike, ile ndefu inayouzwa mpaka stendi kwenye madirisha ya mabasi. Ndizi ng'ombe, ambayo mama mkubwa huivundika kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Zipo nyingine nyingi, na majina yanabadilika ukivuka mto tu: ndizi moja Kibosho ina jina lake, Mwika ina lingine, Rombo lingine tena. Kwa hiyo kando ya kila jina naandika kijiji nilikolisikia na kubandika picha ya chane yake. Nikipata jina bila picha naliacha lisubiri.

Machi

Masika yameingia na mlima hauonekani. Mama mkubwa yuko Kibosho, na ndiye mwalimu mkuu wa daftari hili. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la ukoo, bado kimekaa kama vihamba vya zamani: juu kabisa miti ya mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage, na mpakani masale. Mfongo, mfereji wetu wa jadi, unapita kwa juu kuleta maji zamu yake ikifika. Ng'ombe wake wako bandani, wanakula majani na vigogo vya migomba, na samadi yao inarudi kwenye mashina. Nimekua nikipita humo nikienda kuchota maji. Safari hii nimekwenda na daftari, mizani ya jikoni na simu ya kurekodia.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mizani ya nini tena, umekuja kununua?"

Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, akachukua panga, akasema twende. Somo la kwanza alilitoa tukiwa tumesimama chini ya mgomba, mvua ikidondoka kutoka kwenye majani. Akanishikisha kidole cha ndizi changa, pembe zake kali. Halafu cha mkungu mwingine, pembe zimelala, kidole kimejaa. "Huu ndio mtori," akasema. Mshare wa mtori unatakiwa uwe umekomaa kiasi hicho, lakini ganda liwe kijani kote. Ukisubiri mpaka doa la kwanza la njano litokee, wanga umeshaanza kugeuka sukari, na mtori wako utakuwa na utamu ambao hautakiwi. Akaniambia pia kwamba sokoni ndizi unaiuliza kwa kucha. Unaichoma kidogo kwenye ganda. Utomvu ukitoka mwingi na mweupe, mkungu umekatwa karibuni. Ukitoka kidogo na wa majimaji, umelala hapo muda, rudisha.

Nimeyaandika hayo yote kabla ya kugusa sufuria, na yamejaza kurasa kuliko mapishi yenyewe. Sioni kasoro. Kijana wa ukoo aliyezaliwa Dar es Salaam anaweza kujifunza kuponda kwa kutazama video, lakini hakuna video itakayomsaidia akisimama sokoni Mbuyuni mbele ya mikungu ya kila namna, muuzaji naye anamwambia zote ni za kupika.

Kusikiliza mwezi huu kumekuwa ni kusikiliza rekodi zake. Nashona huku sauti ya mama mkubwa iko sikioni, mvua inapiga bati, kuku anapita, yeye anaeleza. Hatumii dakika. Anasema "mpaka harufu ya ndizi mbichi iondoke", au "mpaka mwiko uanze kuchoka". Nikirudi nyumbani napika kwa maneno yake na saa ikiwa mezani, kisha naandika vyote viwili: dakika zangu kwanza, na maneno yake chini yake. Nikilazimika kufuta kimoja nitafuta dakika. Moto wa gesi, mkaa na kuni haulingani, lakini harufu ya ndizi mbichi ikiondoka imeondoka, awe mtu Kibosho au Dodoma.

Aprili

Mvua imezidi na barabara ya juu ni tope tupu, kwa hiyo sikupanda. Nimesoma.

Jirani yangu mzee aliniazima Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kitabu cha Petro Itosi Marealle kilichotoka mwaka 1947. Nilikuwa nikikisikia tangu utotoni bila kukiona. Anayafuata maisha ya Mchagga tangu kuzaliwa hadi baada ya kufa, na ameandika kwa Kiswahili, wakati ambapo angeweza kuandika kwa lugha ya nyumbani na akasomwa na wazee wenzake tu. Jambo hilo lilinikaa kichwani, kwa sababu ndani ya ukoo tulikuwa na mjadala huo huo. Shangazi alitaka daftari liwe la Kichagga. Namheshimu sana shangazi, na najua anachokiogopa. Lakini Kichagga cha Kibosho na cha Rombo vinapishana kiasi kwamba watu wakikutana sokoni huhamia Kiswahili, na wajukuu wa shangazi mwenyewe wako Mtwara na Tabora. Nilimwonyesha kitabu cha Marealle, akakaa nacho siku kadhaa. Akakirudisha na neno moja: "Andika Kiswahili, ila majina ya vyakula usiyaguse." Tumekubaliana hivyo. Aika mae, yaani asante mama, shangazi.

Cha pili ni Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kilichochapwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima. Nikiwa msichana nilikiona kitabu cha mawaidha. Sasa nimekisoma nikiwa na mikono inayonuka utomvu, na kimekuwa kitabu kingine kabisa, kwa jinsi kinavyompa mkulima heshima ya mtu aliyechagua. Kwetu vijana wamefundishwa kwamba kihamba ni mahali pa kurudi Desemba na pa kuzikwa. Ningependa kijana hata mmoja wa ukoo wetu akisome kabla hajaamua kihamba cha babu yake kigawanywe viwanja.

Kwenye cherehani mwezi huu ni Mbaraka Mwinshehe. Nikishona mashati ya sare, kazi ya mstari mrefu usio na kona, namweka yeye na Morogoro Jazz. Magitaa yao yanatembea bila pupa, na mguu kwenye pedali unatembea nayo. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, na hadi leo gita lake nalitambua kwa noti chache tu. Jioni zimekuwa za Marijani Rajab, aliyeitwa Jabali la Muziki, na jina lilimstahili. Muziki wa dansi wa miaka ile unampa mtu nafasi ya kufikiri. Wimbo unaanza kwa hadithi, maneno yanaeleweka yote, kisha unafika ule mwendo wa mwisho ambapo magitaa yanaachiwa yaseme, na ndipo mimi hukata nyuzi na kupanga vitambaa.

Mei

Mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike. Wote wazima, Mungu ashukuriwe. Mwezi mzima umekuwa wa mtori, na sehemu kubwa ya daftari imeandikwa kwake, kwenye jiko la nje, mtoto akilia ndani.

Zamani mzazi wa Kichagga alikaa ndani miezi mitatu akihudumiwa, hashiki jembe wala kubeba majani ya ng'ombe. Mumewe alichinja, na jiko halikukosa sufuria ya mtori. Mdogo wangu ni mwajiriwa na likizo yake ina mwisho unaojulikana, lakini muda huo mama na mimi tumeamua hatashika mwiko. Mama anakuja asubuhi, mimi jioni.

Mtori wa mzazi, kama ulivyo daftarini sasa, ni huu. Nyama ya mifupa kilo 1, kidari au mbavu, yenye mafuta kiasi. Mshare uliokomaa, ganda kijani, uliokatwa ndani ya siku mbili tatu, uzito wa kilo moja na nusu ukishamenywa. Kitunguu kikubwa kimoja. Chumvi. Maji lita mbili na nusu. Unaanza na mifupa peke yake, na hapa mama hana masihara: supu inatangulia, ndizi zinafuata nyama ikishakaribia kuachia mfupa. Ukiviweka pamoja tangu mwanzo, ndizi zitakuwa zimechoka nyama ikiwa bado ngumu, na utakapokuwa unaisubiri nyama chini kunashika.

Kabla ya kumenya, paka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu, kisha menya ndizi ikiwa ndani ya beseni la maji. Utomvu ukikauka kwenye vidole unageuka mweusi, sabuni haiutoi, nao kwenye nguo hautoki tena. Nasema hili kama fundi cherehani. Ndizi zilizomenywa zisikae nje ya maji, zitapiga weusi na mtori utakuwa na rangi ya majivu. Zikate vipande, tia kwenye supu pamoja na kitunguu, funika. Kwenye mkaa wa mama ni dakika 30 hadi 40. Kwa kauli ya mama mkubwa, mpaka harufu ya ndizi mbichi iondoke.

Sasa toa nyama na mifupa weka pembeni, na uponde ndizi zikiwa za moto, humo humo kwenye sufuria, kwa mwiko, halafu kwa kipekecho. Hakuna kusubiri zipoe. Mshare uliopoa unashikamana na kuweka vidonge ambavyo havipondeki tena. Hapo ndipo supu inaongezwa kidogo kidogo mpaka ufike uzito unaoutaka. Wa mzazi unakuwa mwepesi wa kunyweka kwenye kikombe, wa familia unakuwa mzito wa kijiko. Rudisha nyama iliyochambuliwa, onja chumvi, acha uchemke polepole ukikoroga. Mama anamalizia kwa maziwa fresh nusu kikombe, mama mkubwa kwa kijiko cha samli, na watu wa Mwika upande wa mume wangu hawaweki chochote. Nimeziandika njia zote tatu na jina la kijiji kando. Ninayoipenda ni ya samli. Pilipili na nyanya kwenye mtori wa mzazi hapana, na hapo sijakutana na mtu wa kunipinga.

Sufuria hiyo inatosha watu sita. Mdogo wangu amesema ndicho chakula pekee alichoweza kukitamani wiki za mwanzo. Nimeandika na hilo, na tarehe.

Kusoma Mei hakuna. Kusikiliza ni Sauti ya Injili asubuhi, redio ya mama, kwaya na matangazo ya vifo. Jumapili moja kwaya ya tarumbeta ilipita njia ya kanisani ikipiga wimbo wa kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu, na mama akasimama na mtoto mlangoni mpaka walipopotea kwenye kona. Sauti ile ya shaba kwenye baridi ya asubuhi ni sauti ya huku hasa. Walutheri wa Kijerumani ndio walioileta, lakini leo hakuna harusi wala msiba wa kwetu unaokamilika bila hayo matarumbeta, na mtoto wetu ameyasikia akiwa na umri wa siku chache.

Juni

Nimekwenda Arusha kuchukua vitambaa, na nikapitia mambo mawili ya daftari.

La kwanza ni loshoro. Rafiki yangu Mmeru alinikaribisha kwake, akapika mahindi yaliyokobolewa mpaka yakapasuka, akatia ndizi, akaponda, na vilipopoa akachanganya maziwa mgando. Unakula baridi, kwa kijiko, kwenye bakuli kubwa. Ladha inaanza na uchachu wa maziwa, kisha unaikuta ndizi nyuma yake imetulia. Kwa mtu aliyelelewa na kitawa, yaani ndizi zetu za kuponda na maziwa, ni kama kukutana na binamu ambaye hukujua mnafanana. Hiki ndicho chakula changu cha mwaka mpaka sasa. Nimekipa ukurasa ingawa si cha upande wetu wa mlima, na nimeandika wazi kwamba ni cha Wameru na Waarusha. Ndizi aliyotumia ni mshare pia. Alinunua Tengeru, sokoni, na alipoichagua nilimwona akiichoma kwa kucha. Nilifurahi kiasi cha kumkumbatia mbele ya wauzaji.

La pili ni ugonjwa. Wakulima wengi wa mshare wanalia na mnyauko: majani ya chini yanakuwa ya njano, yanavunjika na kuning'inia, na ukipasua kigogo unakuta ndani mistari ya kahawia. Ni kuvu anayekaa kwenye udongo, dawa ya kupuliza haimfikii, na mshare hauna kinga naye. Ukihamisha chipukizi kutoka shina lenye ugonjwa, umehamisha na ugonjwa. Huko Arusha, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, wanajaribu kuzalisha mshare unaostahimili. Kazi hiyo inakwenda polepole kwa asili yake. Ndizi tunazokula hazina mbegu, kwa hiyo uchavushaji unafanywa kwa mkono, ua kwa ua, na kutoka kwenye mikungu mingi unaweza kupata mbegu chache tu. Mshare una seti mbili za kromosomu, wakati ndizi za kupika za Bukoba zina tatu, na hata hilo linaamua ni mimea gani inaweza kuzaa nayo. Nawaombea wafanikiwe. Mshare ukiondoka, mtori unaondoka nao, na daftari langu litabaki na maelekezo ya chakula kisichopikika.

Niliporudi nilimpigia mama mkubwa kumwuliza kama ameona dalili. Amepoteza mashina kadhaa upande wa chini. Tumekubaliana machipukizi ya kupanda yatoke upande wa juu tu, na panga na jembe vioshwe kabla ya kuvuka kwenda upande mwingine.

Njiani nimesoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, mwaka 2022. Yusuf, kijana anayechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, anaachwa kwa muda kwa Hamid, mwenye duka katika mji wa mlimani. Mimi nimeusoma mlima ule kama wetu, na kurasa hizo nimezirudia. Ni vizuri kumwona mtu wa pwani akiutazama mlima kwa macho ya ugeni na hofu kidogo. Nimependa pia bustani ya tajiri, na jinsi Yusuf anavyotulia akiwa ndani yake. Lugha ya tafsiri ni Kiswahili kilichonyooka, cha Unguja, na mara nyingi nilisahau kwamba kitabu kiliandikwa kwanza kwa Kiingereza. Nimempa binti, naye ameniahidi kukimaliza kabla ya mitihani.

Mwanangu wa kiume naye ameamua nisiishi kwenye dansi peke yake. Amenipa X Plastaz wa Arusha, waliochanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, albamu ya mwaka 2004. Kijana hakuwa amezaliwa walipokuwa wakivuma. Ile sauti ya Kimaasai inayotoka kooni chini ya mdundo imenishika kweli, na sasa nikikata kitambaa kizito naiweka hiyo.

Julai

Baridi. Wingu linakaa Moshi mpaka saa sita, na huu ndio wakati wa kiburu, ndizi na maharage. Maharage yanatangulia kuchemka mpaka yaive, ndizi zinafuata, magadi kidogo sana, chumvi, kisha unaponda bila kusaga sana ili punje za maharage zionekane. Suala la magadi limenichukua muda. Yanalainisha maharage haraka na kuokoa kuni, na ndiyo maana kila bibi anayo kwenye kopo. Lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na yakizidi kiburu kinakuwa na ladha ya sabuni. Nimeandika robo kijiko cha chai kwa nusu kilo ya maharage, na maharage yalowekwe usiku kucha. Mama mkubwa ameonja, akasema kimeiva. Nimeridhika.

Huku juu uchumaji wa kahawa umeanza. Bodi ya Kahawa iko hapa mjini, mnada uko hapa, na bado nyumba nyingi za Moshi zinakunywa chai. Mama mkubwa amenipa kopo la kahawa yake, nimekaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chuma na kutwanga kwenye kinu. Kikombe chake saa kumi na moja alfajiri, kabla cherehani haijaanza kulia, pamoja na kisukari mbili, ndiyo kifungua kinywa changu cha mwezi huu. Sihitaji mkate.

Hali ya daftari: mtori umekamilika, kiburu kimekamilika, ndizi nyama ina kurasa zake ila picha bado, ndizi za kukaanga zimekamilika kwa mzuzu na mkono wa tembo, loshoro imeandikwa na rafiki yangu ameisoma na kuikubali. Kitawa nasubiri maziwa ya ng'ombe wa shangazi, aliyezaa juzi, kwa sababu shangazi hataki nikipike kwa maziwa ya paketi, nami naona ana haki. Binti amepika mtori tena Dodoma, safari hii kwa mshare niliomtumia kwa basi ukiwa umefungwa kwenye majani ya mgomba. Alinitumia picha ya sufuria tupu.

Kilichobaki ni kikubwa: mbege. Kinahitaji ndizi zilizovundikwa mpaka zikaiva sana, ulezi uliooteshwa na kusagwa, na maganda ya msesewe kwa ule uchungu wake. Msesewe wa mama mkubwa ulikatwa zamani, kwa hiyo Jumamosi ijayo tunakwenda kwa wakwe Mwika, ambako upo mmoja mkubwa kando ya mfongo. Baba mkwe amekubali nirekodi. Amesema ndizi ataziweka kuvundika mapema wiki hii, nije na ulezi wangu.